Mita 18 za Mto Marikina

Wale miongoni mwenu mnaoishi Maskati, Dubai, Doha au Jeddah hamhitaji kuelezwa Mfilipino ni nani. Ndiye muuguzi wa zamu ya usiku hospitalini, ndiye keshia wa dukani, ndiye fundi wa mitambo, ndiye jirani wa mlango wa pili. Lakini zipo siku, hasa kati ya Julai na Novemba, ambapo jirani huyo huonekana ameinamia simu tangu asubuhi, hana hamu ya chakula wala mazungumzo. Akiulizwa kuna nini, huenda akajibu kwa nambari tu: kumi na sita, baadaye, kumi na saba, baadaye tena, kumi na nane.

Ikiwa kwao ni Marikina, nambari hizo ni mita. Ni kimo cha maji ya mto unaopita katikati ya mji wao, kama kinavyosomwa katika kituo cha Santo Niño, karibu na daraja. Katika mji huo hakuna habari inayofuatiliwa kwa makini zaidi ya hiyo mvua inaponyesha, na mazungumzo ya leo yanahusu jinsi nambari moja ilivyokuja kutawala maisha ya watu.

Marikina ni mmoja wa miji inayounda jiji kuu la Manila, upande wa mashariki, chini ya milima ya Sierra Madre. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 456,159. Mji umegawanywa katika barangay 16. Barangay ndicho kitengo cha chini kabisa cha serikali nchini Ufilipino, chenye mkuu wake na baraza lililochaguliwa na wakazi. Mtu aliyezoea serikali ya mtaa nchini Tanzania ataelewa bila ya maelezo marefu.

Siku ya kawaida huanza mapema. Maduka ya mikate hutoa pandesal, vimikate laini vya asubuhi, vikiwa bado na moto. Muuza taho hupita vichochoroni na mzegazega wake begani: ndoo moja ina maziwa ya soya yaliyogandishwa, nyingine ina shira ya sukari guru. Barabarani hupita jeepney, magari ya abiria ambayo asili yake ni jipu za kijeshi zilizoachwa na Wamarekani baada ya Vita Vikuu vya Pili. Abiria hupitisha nauli mkono kwa mkono hadi kwa dereva, na chenji hurudi kwa njia hiyo hiyo. Kila baada ya nyumba chache kipo kiduka kiitwacho sari-sari, ambako sabuni, kahawa na mafuta ya kupikia huuzwa kwa vipakiti vidogo, kwa kadiri ya fedha iliyomo mfukoni siku hiyo.

Mji wa mafundi viatu

Marikina unajulikana kote Ufilipino kwa viatu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1887 Laureano Guevarra, maarufu kwa jina la Kapitan Moy, alifumua viatu vyake vilivyotengenezwa Uingereza ili aone vilivyoshonwa. Akajifunza, akawafundisha majirani, na kazi hiyo ikawa ya mji mzima. Wafilipino wanakiita kiatu sapatos, neno walilolirithi kwa Wahispania. Msikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki atakumbuka sapatu za nyumbani, neno lililofika kwetu kwa Wareno. Bahari mbili tofauti, mabaharia wa rasi moja ya Ulaya.

Mjini humo lipo jumba la makumbusho ya viatu lililofunguliwa mwaka 2001. Ndani yake zimehifadhiwa mamia ya jozi za Imelda Marcos, mke wa Rais Ferdinand Marcos aliyeng'olewa madarakani Februari 1986. Watalii huja kwa ajili ya jozi hizo. Wenyeji, kwa upande wao, wanahesabu karakana zilizobaki. Tangu viatu vya bei nafuu kutoka nje vilipoanza kufurika madukani, karakana nyingi zimefungwa. Zilizosalia ni za kifamilia: chumba cha chini kina cherehani, kalibu za miguu na marundo ya ngozi, familia hulala juu.

Chumba hicho cha chini ndicho ambacho mto hukifikia kwanza.

Mto uliosafishwa

Zamani Mto Marikina ulikuwa jaa la taka. Bayani Fernando, aliyekuwa meya kuanzia mwaka 1992 hadi 2001, aliufanya mto huo kuwa kiini cha utawala wake. Kingo zilisafishwa, vibanda vilivyojengwa juu ya maji vikaondolewa, maelfu ya familia yakahamishiwa sehemu nyingine, na mahali pake zikawekwa bustani na njia za kutembea. Aliwabana wakazi kuhusu utupaji wa taka na matumizi ya njia za waendao kwa miguu. Wapo waliomwona mkali kupita kiasi. Wapo waliojivunia kuishi katika mji safi. Fernando alifariki mwaka 2023, lakini hadi leo, jioni zisizo na mvua, watu hukimbia na kuendesha baiskeli kando ya mto ambao zamani walipita wameziba pua.

Hata hivyo, kusafisha mto si kuuzuia usijae. Maji ya Marikina hayatoki Marikina. Hutoka katika milima ya jimbo la Rizal, ambako ukataji miti na uchimbaji wa mawe vimeacha miteremko mingi mitupu. Mvua kubwa ikinyesha huko, maji huteremka bila ya kizuizi na kufika bondeni baada ya saa chache. Chini ya mji upo mfereji wa Manggahan, unaopeleka sehemu ya maji katika ziwa la Laguna de Bay. Mfereji huo unasaidia, lakini una kiasi chake.

Jumamosi ya mwaka 2009

Tarehe 26 Septemba 2009, siku ya Jumamosi, ilikuja tufani ambayo dunia iliiita Ketsana na Wafilipino waliiita Ondoy. Upepo wake haukuwa mkali sana. Maonyo ya wakati huo yalipimwa zaidi kwa nguvu ya upepo, kwa hiyo watu wengi waliamka asubuhi wakaendelea na shughuli zao. Lakini katika muda wa saa 24 kituo cha hali ya hewa katika mji jirani wa Quezon kilipima milimita 455 za mvua. Hicho ni kiasi kinachozidi mvua ya kawaida ya mwezi mzima wa Septemba.

Mto uliinuka kwa kasi ambayo wazee hawakuwahi kuiona. Watu walikimbilia ghorofa ya pili, kisha juu ya mapaa. Wengine walikaa huko usiku kucha, wamelowa, wakitazama magari yakielea barabarani kama makasha matupu. Nchini kote waliofariki walizidi 460, na Marikina ulikuwa miongoni mwa miji iliyoumia zaidi. Jina la Ondoy liliondolewa katika orodha ya majina ya tufani, lisitumike tena.

Baada ya msiba huo ndipo kipimo cha mto kilipotoka katika daftari za wataalamu kikaingia vinywani mwa watu. Mwaka 2012 idara ya hali ya hewa ilianza kutoa maonyo ya mvua kwa rangi. Vipimo vya mito vikaanza kupatikana kwenye intaneti. Na Marikina ukashika ngazi zake tatu, ambazo leo hata mtoto wa shule anazijua. Maji yakifika mita 15, ni king'ora cha kwanza: jitayarisheni. Yakifika mita 16, ni king'ora cha pili: ondokeni. Yakifika mita 18, ni king'ora cha tatu, na hapo kuondoka si hiari tena.

Mfilipino ana neno lake kwa hali hiyo: bakwit. Limetokana na neno la Kiingereza la kuhamisha watu kutoka penye hatari, likafupishwa na kupewa sauti ya wenyeji. Bakwit ni kitendo cha kuhama, na bakwit ni yule anayehama. Katika barangay za Tumana, Nangka na Malanday, zilizo karibu na maji, zipo familia zilizokwisha kuwa bakwit mara nyingi kiasi cha kupoteza hesabu.

Kwa nini wengine hawaondoki

Aliye mbali anaweza kujiuliza: ikiwa king'ora kimelia, kuna sababu gani ya kubaki? Sababu zipo. Cherehani ya kushonea ngozi haibebeki mgongoni. Nyumba iliyoachwa usiku huvutia wezi. Mgonjwa na mzee hawapendi kulala sakafuni katika darasa la shule ya msingi, wakipanga foleni ya choo pamoja na mamia ya wengine. Na mara nyingi mto hufika mita 16, ukasimama hapo, kisha ukashuka. Aliyehama mara tatu bila ya maji kuingia nyumbani kwake hujiambia kwamba safari ya nne atasubiri kidogo.

Kusubiri huko ndiko kulikowaponza wengi usiku wa kuamkia tarehe 12 Novemba 2020. Tufani Vamco, iliyopewa jina la Ulysses nchini humo, ilipita wakati wa janga la korona, ambapo kulundikana darasani kulikuwa hatari nyingine. Kulipopambazuka Marikina, Maskati ilikuwa usiku wa manane, na wafanyakazi wa Kifilipino huko walikuwa macho wakipiga simu zisizopokelewa, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Asubuhi hiyo mto ulifikia mita 22. Ilikuwa Ondoy ya pili kwa maji, ila haikuwa Ondoy ya pili kwa vifo: safari hii maelfu walikuwa wamekwisha kuondoka. Waliobaki waliokolewa kwa mashua kutoka juu ya mapaa.

Tarehe 24 Julai 2024 mto ulipanda tena, mvua za pepo za kusi-magharibi zilipokutana na tufani Carina. Kipimo kilisoma mita 20.7. Shule zilifungwa, na madarasa yakawa malazi. Kufungwa kwa shule ni habari nyingine ambayo kila nyumba huisubiri msimu wa mvua. Meya hutangaza alfajiri, na watoto huwa wa kwanza kuipata.

Hasira ya mwaka 2025

Kwa miaka mingi wakazi wa bonde hilo waliambiwa kwamba wajibu wao ni nidhamu: wasitupe taka, wasijenge ukingoni, wasikilize king'ora, waondoke mapema. Wengi walitii. Agosti 2025 Rais Ferdinand Marcos Mdogo, mwana wa yule aliyeng'olewa mwaka 1986, alitangaza kwamba tangu Julai 2022 serikali ilikuwa na miradi 9,855 ya kuzuia mafuriko, yenye gharama ya zaidi ya peso bilioni 545. Akasema kwamba wakandarasi 15 tu walikuwa wamepata takriban moja ya tano ya fedha hizo. Uchunguzi uliofuata ulifichua kuta zilizojengwa vibaya na miradi iliyolipiwa bila ya kuwapo. Tarehe 21 Septemba 2025 makumi ya maelfu ya watu waliandamana mjini Manila.

Kwa mkazi wa Marikina hesabu hiyo haikuwa jambo la magazetini tu. Alikuwa na hesabu yake mwenyewe: godoro lililotupwa, friji iliyoungua, ngozi iliyooza kabla ya kushonwa, na fedha iliyotumwa kutoka Ghuba kwa ajili ya ada ya shule ikaishia kununua vyombo vipya. Mwaka 2023 Wafilipino walio nje ya nchi walituma kwao zaidi ya dola bilioni 30. Hakuna anayeweza kusema ni kiasi gani cha fedha hizo hufuata nyuma ya maji, kukarabati kile ambacho ukuta imara ungekilinda.

Yapo yanayofanywa. Tangu mwaka 2011 eneo la juu la bonde la mto ni hifadhi kwa amri ya serikali, na miti inapandwa milimani. Kitanda cha mto kinachimbwa kupanuliwa. Mafundi viatu wenye nyumba za ghorofa wanapandisha cherehani juu mvua zinapokaribia, na wanazishusha zinapokwisha.

Tahadhari kabla ya athari, husema wahenga wetu, na watu wa Marikina wamekwisha kutimiza upande wao wa methali hiyo. Wanajua maana ya 15, wanajua maana ya 16, na king'ora cha 18 kinapolia wengi wao wako njiani, mtoto mgongoni, hati za nyumba ndani ya mfuko wa plastiki. Wanachosubiri sasa ni kuona kama waliokabidhiwa fedha za kuta nao watatimiza upande wao kabla ya Julai ijayo.