Mashamba Yetu Yasiwe Malisho ya Tembo

Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za maendeleo za sharika, Kabasa, Bunda, kabla ya msimu wa kuandaa mashamba



 Tunawashukuru wana Kabasa kwa kutupokea, na akina mama kwa uji wa ulezi ambao umetufanya tuchelewe kuanza. Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo moja tu, nalo ni maandalizi ya mashamba yaliyo upande wa mbugani kabla ya mvua za vuli. Wengine mmetoka Hunyari na Mariwanda kwa baiskeli, hivyo tutakwenda moja kwa moja.

Tuanze na swali la wafadhili. Wageni wa usharika rafiki kutoka Marekani walipotutembelea, mmoja wao, ambaye kwao ni mkulima na mwindaji, alitueleza desturi ya kwao. Theluji ikishayeyuka, mwezi wa nne na wa tano, mwenye ardhi ya kuwindia huingia na trekta, hupima udongo, hutia chokaa, kisha hupanda klova, shayiri na majani mengine ambayo si kwa ajili ya ng'ombe wala watu. Ni vishamba vya lishe ya wanyamapori. Paa wa kwao huja kula, huzoea, na msimu wa uwindaji ukifika bado wako hapo hapo. Akauliza: kwa nini usharika wake usitume fedha za mbegu, tukapanda vishamba kama hivyo ndani ya pori ili tembo washibe huko na wasije kwetu?

Swali hilo lilitoka katika moyo mwema, nalo limerudi tena katika barua za wafadhili wengine. Linastahili jibu lenye hoja, si la adabu tu.

Kwanza, ardhi ile si yetu. Grumeti na Ikorongo ni mapori ya akiba tangu mwaka 1994, na uwindaji katika mapori ya namna hiyo hufanyika kwa vitalu ambavyo Serikali hukodisha. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 wanyama wote ni mali ya umma chini ya Rais, na kulima ndani ya pori la akiba ni kosa. Mwindaji wa Marekani naye hamiliki paa, ni lazima akate leseni, lakini shamba analopanda ni lake. Hapa kwetu mwananchi hana mnyama wala hana pori. Anacho kile kipande cha mahindi kilicho mpakani.

Pili, tembo si paa. Tembo mkubwa hula kilo 100 hadi 200 za majani, magome na matunda kwa siku. Tukichukua kilo 150, kundi la tembo 20 linahitaji tani tatu kila kukicha, bila kuhesabu wanachokanyaga. Hakuna kapu la sadaka, la hapa wala la ng'ambo, linaloweza kulisha kundi hilo msimu mzima. Na hata lingeweza, tungekuwa tunawafundisha kwamba chakula kilichopandwa na mtu ni halali yao. Mwindaji anataka mnyama amzoee shamba. Sisi tunataka kinyume chake.

Lakini hoja ya tatu ndiyo iliyotuleta hapa. Vishamba vya lishe ya wanyamapori tayari tunavyo. Mgeni wetu alipotembezwa na kuyaona mahindi mabichi yamefika hadi kwenye alama za mpaka, alidhani yamepandwa kwa ajili ya wanyama. Watu walicheka, na yeye akaona haya. Kwa kweli alikuwa ameona sawasawa. Anayelima mahindi, mihogo na viazi vitamu ukingoni mwa pori, kisha akayaacha bila kizuizi wakati yanapokomaa, anafanya kazi ile ile anayoifanya mwindaji wa Marekani, isipokuwa yeye hapati nyama wala ada.

Wazee watakumbuka kwamba hali haikuwa hivi siku zote. Katikati ya miaka ya 1980 ujangili uliwapunguza tembo wa ikolojia ya Serengeti hadi hawakufika 3,000. Ikaja Operesheni Uhai mwaka 1989, na mwaka huo huo biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ikapigwa marufuku. Sensa ya ndege ya mwaka 2014 ilihesabu zaidi ya tembo 7,000. Ni jambo la kumshukuru Mungu, na hatutasema vinginevyo. Ila kwa kipindi hicho hicho nasi tumeongezeka, na majembe yetu yamesogea. Vijana wengi waliopo hapa walizaliwa wakati tembo ni wachache, na desturi zao za kulima wamezirithi kutoka enzi hiyo.

Sasa tuingie shambani.

Tembo hawaji mwaka mzima kwa kiwango kile kile. Huja zaidi pale nyasi za porini zinapokomaa na kuwa ngumu, na wakati huo ndio mahindi yetu yanaanza kubeba. Kwa hiyo shamba linaloliwa zaidi mara nyingi ni lile lililobaki peke yake. Mwenye maksai hupanda mvua ya kwanza. Jirani yake anayesubiri kuazima plau hupanda wiki tatu baadaye. Wa kwanza akishavuna, lile la pili linabaki kijani katikati ya mabua, na wanyama wote wa upande ule wana mahali pamoja pa kwenda. Mara nyingi ni shamba la mjane, au la mgonjwa. Tunaomba kamati zianzie hapo: kabla ya kufikiria waya na mizinga, panga zamu za plau ili mashamba ya mpakani yapandwe ndani ya wiki moja, kwa mbegu ya muda mfupi. Hilo halihitaji mfadhili.

La pili ni mahali pa kupanda nini. Tunapendekeza mahindi, mihogo na viazi virudi nyuma karibu na nyumba, ambako kuna mbwa, taa na watu. Mbele yake iwe pilipili na ufuta, na pamba kwa anayeitaka. Tembo akipita ataikanyaga pamba, hatutawadanganya, lakini haifuati kama anavyofuata hindi bichi. Pilipili haiishii kuwa zao la kuuza tu. Ikitwangwa na kuchanganywa na oili chafu ya gari, ikapakwa kwenye kamba za katani na vitambaa vilivyozungushwa shambani, harufu yake humkera tembo. Hupakwa upya kila baada ya mvua kubwa, na hapo ndipo wengi huchoka. Kikundi kisicho na daftari la zamu kisiombe kamba.

Mizinga ya nyuki imekwisha kujaribiwa kwa jirani zetu wa Kenya, huko Sagalla kando ya Tsavo Mashariki. Mizinga huning'inizwa kwenye waya kila baada ya mita kumi, mmoja wa kweli na unaofuata wa bandia. Tembo akiusukuma waya, nyuki hutoka. Tufanye hesabu pamoja, na wafadhili waisikie pia. Ekari moja ya mraba ina mzunguko wa mita zipatazo 250, yaani vituo 25. Kaya tano zenye ekari moja moja, kila moja na uzio wake, zinahitaji vituo 125. Kaya hizo hizo zikiunganisha ekari zao kuwa shamba moja la mraba, mzunguko ni mita 570 hivi, na vituo 57 vinatosha. Zaidi ya nusu ya gharama imeondoka kwa majirani kukubali kupakana. Tahadhari yetu ni kwamba nyuki huhama kiangazi kikali wakikosa maji na maua, kwa hiyo kikundi kiwe na mahali pa kuwawekea maji.

Sasa lile ambalo wengi mnalinong'ona huko nyuma, tumelisikia. Katika mpango wetu, ukanda wa mwisho kabisa unaopakana na pori usilimwe, ubaki malisho. Na ninyi mnasema: tukiuacha wazi, kesho tutaambiwa ni wa hifadhi. Hofu hiyo haikutoka hewani. Wote mmeona wenzetu wa Nyatwali, ambao kata yao ilitwaliwa kwa ajili ya Hifadhi ya Serengeti, wakalipwa fidia na kuhama. Mtu aliyeona hayo analima hadi kwenye alama ili jembe lake liwe shahidi. Hatumlaumu.

Hata hivyo jembe ni shahidi dhaifu. Karatasi ina nguvu zaidi. Kwa sharika zilizo katika vijiji, ipo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Ukanda ukiandikwa humo kuwa malisho, ukapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuwekewa sheria ndogo, ni ardhi inayotumika, wala si pori lililosahauliwa. Kwa sisi tulio ndani ya Halmashauri ya Mji wa Bunda, kama Kabasa hapa, njia ni kupitia Serikali ya Mtaa na idara ya ardhi ya Mji, na tunaona ni vigumu zaidi kwa sababu mji hupanga viwanja kabla ya malisho. Ofisi yetu itagharamia usafiri wa wajumbe kufuatilia jambo hilo, na tunawaambia wafadhili waziwazi kwamba nauli na mihuri ni sehemu ya mradi huu sawa na mizinga.

Ndugu zetu Wasukuma wanao utaratibu wa ngitili: eneo hufungwa wakati wa mvua, nyasi zikapanda, kisha hufunguliwa kiangazi. Mradi wa HASHI ulioanza Shinyanga mwaka 1986 uliufufua ukarudisha nyasi na miti mahali palipokuwa pakavu. Ukanda wetu wa mpakani ukifungwa namna hiyo, ng'ombe wetu watakuwa na majani mwezi wa nane bila kuvuka alama na kukamatwa. Tena mlinzi aliye shambani atamwona tembo angali mbali, badala ya kumsikia akiwa tayari ndani ya mahindi.

Kuhusu kifuta jasho, tuseme kwa ufupi. Kanuni za mwaka 2011 hazikuyaita malipo hayo fidia, na kwa mazao kiwango hutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Anayelima karibu zaidi hupata kidogo zaidi, au hapati kabisa. Toeni taarifa mapema kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri kabla mabua hayajakauka, lakini msipange ada za shule kwa kutegemea fedha hiyo.

Mwinjilisti mmoja alituuliza kama si dhambi kumnyima kiumbe wa Mungu chakula. Tulimwelekeza kwenye Kutoka sura ya 23, pale ardhi inapoamriwa kupumzika mwaka wa saba. Maskini wanatajwa kwanza, na wanyama wa porini wanakula kilichobaki. Kwa sasa utaratibu wa Bunda umepinduka: tembo anakula kwanza, na mama mwenye watoto anaokota masazo. Ule ukanda wa malisho ndio fungu la wanyama. Hatujawanyima.

Fomu za vikundi wachukue wachungaji leo. Zirudi ofisini kabla plau hazijaingia shambani, zikiwa na majina ya kaya zote zinazopakana na mchoro wa mashamba. Mchoro wa mkono unatosha. Mradi utanunua waya, kamba za katani na mizinga. Nguzo, pilipili na zamu za usiku ni za kikundi. Atakayeleta fomu ya shamba moja lililo peke yake tutamrudisha akatafute majirani.