Maumivu ya Kiuno Yanaposhuka Mguuni

Mpagazi wa Kariakoo ainuapo gunia akahisi moto ukitoka kiunoni, ukipita takoni hadi chini ya goti, ataambiwa mengi: baridi yabisi, figo, hata kurogwa. Mara nyingi ni diski katikati ya pingili za chini za uti wa mgongo imechomoza na kubana mzizi wa neva. Kumlaza kitandani wiki nzima ni kumchelewesha. Atembee taratibu, aache mizigo. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila upasuaji. Lakini mkojo ukigoma kutoka, haja kubwa ikimponyoka, ganzi ikishika sehemu za siri, au miguu ikilegea, nawasihi ndugu zake: msingoje kukuche, mpelekeni hospitali usiku huo huo.