Mtoto Aliyekosa Masomo



Mwaka 2020 twaukumbuka sote. Shule zilifungwa Machi, kisha tarehe 6 Mei Mji wa Kale nao ukafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, mpaka mwanzo wa Juni. Watoto wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Lakini wakati ule walikosa wote pamoja. Kazi ngumu ni ya mtoto anayekosa peke yake, kwa homa ya wiki tatu au kwa karo. Darasa halimngoji.

Tufanyeje? Kwanza twende kwa mwalimu tumuulize: wamefundishwa nini, na lipi haliwezi kurukwa? Tusimpe mtoto madaftari ya mwenzake anakili yote usiku kucha. Huko ni kuchosha mkono tu. Tuanze na hesabu, maana somo la leo hukaa juu ya la jana. Asiyejua kuzidisha atagawanya vipi?

Na mzazi asiyesoma asikae kando. Mtume dukani, akirudi akueleze chenji ameipataje. Akikwama, hapo ndipo pa kurudia.

Watoto wetu wengi wakitoka shule huenda madrasa, kwa hivyo nusu saa baada ya Magharibi yatosha. Aliyetoka kuugua atalala juu ya kitabu, mwacheni alale. Kikundi nacho kimtafute mwanafunzi wa sekondari wa mtaa huohuo akae nao barazani, penye taa, na pesa ya chai yake itoke kwenye mchango wa wiki.