Mzigo wa Kufunga Hesabu za Mwaka
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri iliponitaka nije niseme nanyi habari ya ukaguzi wa hesabu, nalidhani wamekosea mtu au wamekosea siku, kwa maana habari hii haina utamu wa kumzuia mtu asisinzie baada ya chakula cha mchana. Lakini Bwana Katibu alinieleza sababu. Mhazini wetu, ambaye ametutumikia kwa uaminifu muda wa mwaka mmoja, ameandika barua ya kukataa kuchaguliwa tena. Katika barua hiyo asema kwamba kazi ya kushika fedha haikumchosha. Kilichomchosha ni majuma matatu ya mwisho, yaani majuma ya kuzikabidhi hesabu kwa wakaguzi. Hapo nikakubali kuja, kwa kuwa majuma hayo nayajua. Kabla sijaingia katika utumishi wa Serikali nilikuwa mkaguzi miaka minane, katika ofisi moja ya wakaguzi wanaoajiriwa na makampuni. Kisha nikawa mhasibu wa kampuni miaka kumi na mmoja. Nimekaa upande wa mwenye kuuliza, nikakaa na upande wa mwenye kuulizwa.

Wengi wadhani ya kuwa mkaguzi huja kuhesabu fedha, akaona zimetimia, akatia sahihi, akaenda zake. Laiti ingekuwa hivyo! Makampuni mengi ya kwetu hufunga mwaka tarehe 31 Desemba. Siku hiyo kila kitu hutakiwa kisimame: deni lijulikane ni la mwaka upi, gunia lijulikane limo ghalani au limekwisha kuuzwa. Lakini dunia haisimami. Ankara ya mzigo uliopokewa Desemba huletwa Januari tarehe 20, na hundi iliyoandikwa kabla ya mwaka kwisha huonekana benki baada ya mwaka kuanza. Mimi nimeukaribisha mwaka mpya mara saba ndani ya ghala la saruji. Wenzetu wakiwa makanisani, au majumbani kwao na watoto, sisi tulikuwa na chaki mkononi, mmoja juu ya ngazi akihesabu mifuko, mmoja chini akiandika, na mtunza ghala kati yetu amenuna, maana aona twamdhania mwizi. Vumbi la saruji likichanganyika na jasho hugeuka ugoro wa ajabu usoni. Tukikosana mifuko mitatu, twaanza tena.

Huo ndio mwanzo tu. Baada yake huja miezi ile mitatu. Sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania humpa mlipa kodi miezi sita tangu mwisho wa mwaka wake apate kuleta maelezo ya mapato yake, na hesabu za kampuni hutakiwa zithibitishwe na mhasibu aliyesajiliwa. Miezi sita si haba, mtasema. Lakini benki iliyokopesha fedha yataka hesabu mapema kuliko hapo, nao wenye hisa, na wakurugenzi wataka mapema kuliko wote. Huko Marekani makampuni yaliyo makubwa kabisa hupewa siku 60 tu kuleta taarifa ya mwaka. Na kwa kuwa walio wengi hufunga Desemba, wakaguzi wa London na New York na Dar es Salaam hubanwa wakati mmoja, Januari mpaka Machi. Sisi wa Serikali twafunga 30 Juni. Hesabu zetu yapasa zimfikie Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kabla ya Septemba kwisha, naye hupeleka taarifa yake kwa Rais kabla ya Machi kwisha. Tarehe zatofautiana, walakini mbio ni zile zile.

Sasa mtazameni mhasibu. Kazi zake za kila siku hazikuondoka kwa sababu ya ukaguzi. Mishahara yapasa ilipwe, kodi ya mishahara ipelekwe kabla ya tarehe 7, wadai wamesimama mlangoni. Juu ya hayo mkaguzi ampa orodha: nataka vocha hii, mkataba ule, kumbukumbu za mkutano wa Aprili, sababu ya fedha hizi kulipwa mara mbili. Mwaka wangu wa kwanza wa uhasibu orodha ile ilikuwa na maswali 214. Niliyahesabu. Yaliyonihusu mimi hayakufika 50. Mengine yote yalikuwa ya watu wengine: stakabadhi ya mafuta imo mfukoni mwa dereva, mkataba umo garini mwa meneja, barua ya kuruhusu matumizi haikuandikwa kamwe, ilisemwa kwa simu. Lakini anayeamkiwa kila asubuhi na neno la "bado?" ni mhasibu. Ndugu zangu, hapa nitasema neno lisilopendeza: katika ofisi zetu wale "watu wengine" ni sisi. Karani wa masjala asiyerudisha faili, mkuu wa idara akaaye na masurufu miezi mitano, hao wamo humu ukumbini, nami nilikuwa mmoja wao.

Na mkaguzi je? Watu humwona kama askari. Aghalabu ni kijana wa kike au wa kiume, mwenye miaka miwili ya kazi, amepewa chumba cha stoo kilichotolewa madaftari ya zamani, hana amjuaye katika nyumba hiyo. Ofisi yake imekwisha kupatana malipo na kampuni kabla hajafika. Kazi ikizidi saa zilizopangwa, hasara ni ya ofisi. Basi kijana afanya kazi saa kumi na nne, aandika nane, ili asionekane mzito. Mwaka ujao mkubwa wake aitazama karatasi ile, aona saa nane zatosha, apanga nane tena. Hivyo uongo mdogo wa kijana mmoja huwa kipimo cha kumtesea mwenzake. Nalifanya hivyo mwenyewe, wala hakuna aliyenilazimisha kwa maneno.

Naomba ruhusa niwasimulie kosa langu, maana bila hilo hotuba hii itakuwa malalamiko matupu. Ilikuwa Machi, juma la tatu la kulala saa nne kwa usiku. Kazi yangu ilikuwa barua za kuthibitisha madeni: wateja wa kampuni huandikiwa waseme wenyewe wanadaiwa kiasi gani, nasi twalinganisha na daftari. Mteja mmoja alijibu kwamba anadaiwa shilingi 4,600,000. Daftari lilisema 46,000,000. Niliiona 46, nikatia alama ya tiki, nikashika barua nyingine. Hesabu zikatiwa sahihi, watu wakapongezana.

Julai kampuni ikamdai mteja yule. Akakataa, akaonyesha karatasi zake. Mkurugenzi akachukua leja, akachukua na karatasi zetu zenye tiki yangu, akasema: wakaguzi wenyewe walithibitisha kwamba mtu huyu alikuwa anadaiwa milioni 46, basi tofauti ya shilingi 41,400,000 imelipwa, na aliyeipokea ameila. Karani wa madeni akasimamishwa kazi. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto, mwenye kutembea na kalamu mbili mfukoni. Miezi minne alikaa nyumbani akiitwa mwizi, hata ilipopatikana ankara yenyewe, ikaonekana aliyeiingiza kompyutani alibonyeza sifuri moja ya ziada. Hapakuwa na wizi wowote. Akarudishwa kazini kwa barua ya adabu. Akakaa majuma mawili, akaomba kuondoka. Nalikwenda kwake kumwomba radhi. Akanikaribisha chai, akaniuliza habari za watoto, la tiki hakulitaja. Ingekuwa heri anifukuze.

Mwaka 1896 jaji mmoja wa Uingereza, Lopes, katika kesi ya kiwanda cha pamba cha Kingston, alisema kwamba mkaguzi ni mbwa wa kulinda, si mbwa wa kufuatia harufu ya mhalifu. Wanafunzi wa uhasibu hufundishwa maneno hayo hata leo. Lakini mbwa wa kulinda asiyelala majuma matatu hulinda nini? Sisemi kwamba makosa yote makubwa hutoka katika uchovu. Mengine hutoka katika tamaa. Mwaka 2001 kampuni ya Enron ya Marekani ilifilisika, na mwaka uliofuata ofisi ya Arthur Andersen iliyokuwa ikiikagua ikaacha kazi hiyo. Watu wapatao 85,000 walikuwa wakiitumikia duniani kote, na walio wengi hawakupata kuishika hata karatasi moja ya Enron. Tena mwaka 2022, huko Uingereza, ofisi ya KPMG ilitozwa faini ya zaidi ya pauni milioni 14, kwa sababu waliokagua hesabu za Carillion, kampuni iliyoanguka Januari 2018, pamoja na hesabu za kampuni nyingine, waliwapotosha wasimamizi wa wakaguzi. Kumbukumbu za mikutano zilitungwa baadaye, zikapelekwa kana kwamba ziliandikwa wakati wa kazi. Miongoni mwa walioshtakiwa alikuwamo kijana wa chini kabisa katika kikosi kile. Yeye alipewa karipio kali, asitozwe faini. Nilipoisoma habari yake nalikumbuka chumba cha stoo.

Mtaniuliza, basi dawa yake ni ipi? Katika kampuni niliyokuwa mhasibu hatukuongeza mtu hata mmoja. Tulianza kufunga hesabu kila mwezi, ukilinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kabla ya tarehe 10, hata kama hapana anayeuliza. Tukamwomba mkaguzi aje Oktoba, aitazame miezi tisa ya kwanza, ili Januari abakiwe na mitatu. Orodha yake tuliitaka kabla ya mwaka kwisha, na kila swali likaandikwa jina la mtu mwenye karatasi, si jina la mhasibu. Mkurugenzi akatia sahihi orodha hiyo. Hili la mwisho ndilo lililofanya kazi kuliko yote, na ndilo lililopingwa kuliko yote. Mwaka wa tatu maswali yalikuwa 61. Tuliendelea kuchoka, siwadanganyi, lakini tulikwenda nyumbani jua likiwapo, na mkaguzi akaweza kuuliza swali mara mbili bila kuona haya.

Nimeipitia barua ya Mhazini, Bwana Mwenyekiti, na kwa idhini yake nimeyatazama na madaftari ya chama. Fedha zimetimia. Lakini stakabadhi za matawi manne ziliwasili katika siku kumi za mwisho, zimefungwa kwa uzi, nyingine hazina tarehe, na moja imeandikwa nyuma ya bahasha. Yeye na wakaguzi wetu wawili, ambao nao ni wanachama wenye kazi zao, walizipanga usiku kwa usiku nyumbani kwake. Kwa hiyo natoa shauri lipigiwe kura kabla ya uchaguzi: kila tawi lilete stakabadhi zake kila miezi mitatu, na tawi lisiloleta lisipewe fedha za robo inayofuata. Mhazini ameniambia kwamba shauri hili likipita, atalifikiri upya jambo la kuendelea.