Kipindupindu Huanzia Mtaani

Visababishi vya kijamii vya afya, yaani mazingira ambamo watu huzaliwa, hukua, hufanya kazi na kuzeeka, mara nyingi huamua nani augue kabla mgonjwa hajafika zahanati. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, kisha ukaenea katika mikoa mingi ya Tanzania, ulilidhihirisha jambo hilo, kwa kuwa bakteria wake husambaa kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Katika mitaa iliyobanana, ambako gari la majitaka halipiti, mpangaji hununua maji kwa dumu la lita 20 na kuyapima kati ya kupikia na kunawia, huku baadhi ya wenye nyumba wakitapisha vyoo, yaani kuufungulia uchafu wa shimo utiririke na mvua. Kumhimiza mpangaji huyo anawe mikono bila kumfikishia maji ni kumtwisha lawama isiyo yake. Mpango wa afya unaostahili jina hilo huwasikiliza kwanza wakazi, wakiwamo wauza maji na mama lishe, ambao aghalabu hawaitwi vikaoni, kisha hutenga fedha za mabomba na vyoo sambamba na za dawa. Wananchi wahudhurie mikutano ya mitaa na wadai vipaumbele hivyo viingizwe katika bajeti.