MWENYEJI NI NANI?

Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakazi wa Buswelu, Wilaya ya Ilemela



Katika shughuli za ofisi, hususan za ardhi, maneno manne hutumiwa kana kwamba maana yake ni moja: mkazi, mzawa, raia na mwenyeji. Mkazi ni anayeishi mahali. Mzawa ni aliyezaliwa hapo. Raia hutambuliwa kwa sheria ya nchi. Mwenyeji hutambuliwa na majirani. Ndiye ajuaye mpaka wa shamba ulipopita na makaburi ya wazee yalipo, na ndiye anayempokea mgeni.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa hiyo ugeni una mwisho wake, na uwenyeji hupatikana kwa kukaa, kufanya kazi na kutunza ujirani. Ndivyo ilivyokuwa Mwanza, ambako Wakerewe, Wakara, Wajita na Wazinza wameishi pamoja na Wasukuma kwa miaka mingi.

Jambo hili lina uzito Buswelu. Mahali palipokuwa mashamba pamekuwa makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, iliyoanzishwa mwaka 2012. Mji unapofika shambani na viwanja kupimwa, familia iliyolima hapo tangu enzi za babu, lakini haina hati, huweza kuitwa "wavamizi". Neno hilo likishaingia katika jalada, haki ya familia hupungua hata kabla mthamini hajafika.

Sheria haikubaliani na matumizi hayo. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lohay Akonaay, iliamua kuwa haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba mwenye haki hiyo hawezi kunyang'anywa bila fidia ya haki. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, nayo inaagiza fidia iliyo kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati.

Kwa hiyo, watumishi wanakumbushwa kwamba kabla neno "mvamizi" halijaandikwa, majirani wa mpakani na wazee wa mtaa wasikilizwe, na maelezo yao yawekwe katika kumbukumbu.

Wakazi nao wanakumbushwa kwamba uwenyeji si kabila. Katiba inampa kila raia haki ya kuishi sehemu yoyote ya Jamhuri ya Muungano. Asiyestahili kuitwa mvamizi katika shamba la babu yake hastahili naye kumwita jirani yake mgeni baada ya jirani huyo kushika jembe miaka yote hiyo.