Ngano, Kutu na Kalamu ya Mhariri



Wiki iliyopita mama mmoja anayetukaangia chapati mtaani kwetu aliniuliza: "Kaka, ninyi watu wa redio, ni kweli ngano siku hizi inatengenezwa maabara?" Nilimwahidi jibu leo.

Mama, twende taratibu. Ngano ina adui aitwaye kutu ya shina, kuvu anayeshambulia bua mpaka likaanguka. Aina moja kali iligunduliwa Uganda ikaitwa Ug99, yaani Uganda 1999. Iliishinda kinga iliyotegemewa na ngano nyingi duniani. Upepo ukaieneza Kenya na Ethiopia. Mwaka 2006 ilikuwa Yemen, na 2007 ikabisha hodi Iran. Kutu haiombi pasipoti.

Zamani mtafiti alichanganya mbegu hii na ile, akasubiri miaka mingi. Sasa anaweza kuhariri jeni. Sisi waandishi tunamjua mhariri: haandiki habari upya, hufuta neno lililoharibu. Mwaka 2014 wanasayansi wa China walifuta namna hiyo jeni inayoufungulia mlango ubwiri unga, ugonjwa mwingine wa ngano. Ngano hubeba jeni hiyo katika nakala tatu, hivyo ilibidi zizimwe zote. Ugonjwa ulikoma, lakini mimea ikafupika na kuzeeka mapema. Ni mwaka 2022 ndipo walipotangaza ngano yenye kinga na mavuno mazuri pia.

Kwa hiyo, mama, si uchawi. Mimi siiogopi kalamu hiyo, mradi kazi yake ikaguliwe. Ninachokitazama ni mkono unaoishika. Wahenga walisema, mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Kutu hii imebeba jina la jirani yetu, na kila mwaka mbegu kutoka nchi nyingi hupimwa dhidi yake pale Njoro, Kenya. Je, kinga ikija katika mfuko wa mbegu wenye hataza, mkulima wa Narok au Hanang atauziwa kwa bei gani? Ataruhusiwa kujiwekea mbegu ya msimu ujao?

Mwaka 2022 Kenya ilitoa mwongozo wa kukagua mazao ya aina hii. Ni hatua njema, lakini mwongozo wa usalama haupangi bei. Tuulize sasa, mbegu haijafika shambani. Tukichelewa, jibu tutaliona kwenye udogo wa chapati.

Hadi wiki ijayo, kwaheri.